Mita inaonyesha pungufu ya nusu ya umeme wa zamani: je, ni induksheni iliyookoa, au kuna jambo jingine?

#1 MpigaChapa

Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia matengenezo katika kiwanda cha kuchapa vifungashio vya plastiki, vile vya biskuti na sabuni ya unga, na nina swali linaloninyima usingizi. Wino wetu huyeyushwa kwa ethili asetati na toluini kidogo. Mvuke unaotoka kwenye vikaushio vya mashine hatuuachi upae hivi hivi, bali huvutwa na feni hadi kwenye chombo chenye kichocheo, yaani madini yanayoharakisha uunguaji yenyewe yasiishe, ambamo huungua bila mwali na kuwa kaboni dioksidi na maji. Chombo cha zamani hutumia hita za waya zinazopasha hewa kabla haijafika kwenye kichocheo. Hewa ni kama mita za ujazo 3,000 kwa saa, tunaipasha hadi nyuzi 380, na kibadilisha joto hurudisha takriban asilimia 65 ya joto la hewa inayotoka.

Mwezi uliopita muuzaji mmoja alituletea chombo cha majaribio. Hakina hita. Kina koili ya shaba iliyozungushwa nje ya bomba la kauri, na ndani ya bomba kuna kichocheo kilichopakwa juu ya karatasi nyembamba za chuma zilizokunjwakunjwa mithili ya mabati. Koili ikipitishiwa umeme wa frikwensi ya juu, chuma chenyewe ndicho kinachopata moto, ndiyo hiyo induksheni. Tumekiendesha wiki tatu kwa nyuzi 280, na mita imesoma pungufu kidogo ya nusu ya uniti za zamani. Bosi amefurahi na anataka kununua vingine viwili. Mimi sijaridhika, kwa sababu hewa inayohitaji joto haijui kama joto hilo limetoka kwenye waya au kwenye koili. Hiyo nusu nyingine imekwenda wapi?

#2 FundiKoili

Mkuu, kosa lako ni kudhani kwamba unachopasha ni hewa. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye tanuri za induksheni za kuyeyushia vyuma chakavu, na kitu kinachomshangaza kila mgeni ni kwamba koili yenyewe imejaa maji ya kupoozea na haiungui, ilhali chuma kilicho katikati yake kimekuwa chekundu. Sumaku inayogeukageuka kwa kasi huzalisha mikondo ya umeme ndani ya chuma, na ukinzani wa chuma huigeuza mikondo hiyo kuwa joto. Ndiyo maana sufuria ya alumini hukataa kwenye jiko la induksheni la nyumbani, na ya chuma hukubali. Hapo kwenu joto linazaliwa pale pale kichocheo kilipo, kwenye ngozi inayogusana na mvuke, na hewa inayopita katikati ya vitundu haina haja ya kufika nyuzi 280. Hamlipii tena hewa. Nusu yako ndiko ilikokwenda.

#3 Dohani

FundiKoili, heshima yako, lakini hapo umeteleza. Vitundu vya kichocheo cha namna hiyo vina upana wa milimita moja hivi, na hewa inayopita humo huwa imelingana joto na ukuta kabla haijasafiri sentimita chache. Hakuna hewa ya katikati inayobaki baridi. Kama ingebaki baridi, maana yake mvuke wa hapo katikati nao haujaufikia ukuta, kwa kuwa joto na molekuli husafiri ndani ya hewa kwa kasi zinazokaribiana, na molekuli nzito za viyeyushi ndizo za polepole zaidi. Ungeokoa umeme kwa kuruhusu uchafu upite.

Tena, hita ya waya iliyo ndani ya njia ya hewa hugeuza karibu kila uniti kuwa joto la hewa, wakati koili inapoteza kwenye kigeuzi cha frikwensi na kwenye hayo maji ya kupoozea uliyoyasifu. Kwa uniti tupu, induksheni inaanza mbio ikiwa nyuma.

#4 MamaMaabara

Naomba kumuuliza mwenye uzi jambo moja kabla hatujagombana kuhusu sumaku. Kwa nini cha zamani kinaendeshwa kwa nyuzi 380 na kipya kwa 280? Kichocheo cha zamani kina umri gani, na ni cha madini gani? Ninauliza kwa sababu wino wa vifungashio mara nyingi huwa na silikoni kidogo ya kuzuia povu, na silikoni ikiungua huacha silika, unga mweupe laini unaofunika uso wa kichocheo. Kila mwaka mnaongeza nyuzi chache ili harufu isitoke, na hakuna anayekumbuka kwamba siku ya kwanza kilikuwa kinafanya kazi kwa joto la chini. Unalinganisha kijana na mzee, kisha unasema viatu vya kijana ndivyo vinavyokimbia.

#5 MpigaChapa

MamaMaabara, umenigusa penye kidonda. Cha zamani ni oksidi za manganizi na shaba juu ya kokoto za kauri, na kina miaka sita. Kipya ni platinamu. Na ni kweli tulianza na nyuzi 320, nimeona kwenye daftari la zamu la mtangulizi wangu.

Niongeze mambo mawili niliyoyasahau. Kipya kina feni inayoweza kuongezwa na kupunguzwa mwendo, na kwa kipimo changu cha juzi kinavuta mita 2,600 badala ya 3,000. Na kila asubuhi, dakika chache baada ya kuwasha, kwenye dohani hutoka harufu ya matunda yaliyochacha, kali, inayowasha macho. Chombo cha zamani hakikuwa na harufu hiyo.

#6 Kikokotoo

Tuache mashairi tupige hesabu. Kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojuli 1.3. Kwa mita 3,000 kwa saa, kila nyuzi moja inadai karibu kilowati 1.08. Kutoka nyuzi 30 hadi 380 ni nyuzi 350, yaani kilowati 379, na kibadilisha joto kikilipa asilimia 65 ya deni hilo, hita zinabakiwa na kilowati 133. Shusha joto hadi 280 bila kugusa kitu kingine: hita zinabakiwa na kilowati 95. Punguza hewa hadi mita 2,600: kilowati 82. Tayari tumefika asilimia 62 ya matumizi ya zamani, na sijaitaja induksheni hata kidogo. Ungeweza kununua kichocheo kipya, ukakiweka kwenye chombo kile kile cha hita, ukapunguza feni, na ukabaki na fedha zako.

Kumbukeni pia kwamba mvuke wenyewe ni kuni. Kila gramu moja ya kiyeyushi katika mita ya ujazo, ikiungua, hupandisha joto la hewa kwa nyuzi 30 hivi. Kama mwezi huo kazi zilikuwa nyingi, wino ulijipasha wenyewe.

#7 Dohani

Nyuzi 30 ni za toluini. Ethili asetati ina oksijeni ndani yake tayari, kwa lugha nyepesi imekwisha kuungua nusu kabla hujaiwasha, kwa hiyo gramu moja inatoa nyuzi 18 tu. Mwenye uzi amesema ethili asetati ndiyo nyingi. Mengine uliyosema ninayaunga mkono.

#8 Kikokotoo

Nimepokea masahihisho. Kwa gramu 2 za ethili asetati katika mita ya ujazo, kiasi nilichokuwa nimekikisia, ni nyuzi 36 basi, si 60. Bado ni joto la bure.

#9 MamaMaabara

Harufu ya matunda yaliyochacha inayowasha macho ni asetaldehaidi, nina hakika ya karibu asilimia mia. Ethili asetati isipoungua hadi mwisho huishia njiani, na kituo chake cha kawaida ni hicho. Kichocheo kikiwa cha joto la kutosha, asetaldehaidi nayo huungua. Kwa hiyo kila asubuhi kuna muda ambapo kichocheo chako kinasema kina nyuzi 280 na hakinazo. Swali ni kama hali hiyo ni ya asubuhi tu, au ni ya siku nzima kwa kiwango ambacho pua imekwisha kuzoea.

#10 MzeeWaBoila

Nimekuwa msomaji kimya kwa muda mrefu, leo nitasema. Mwenye uzi, joto hilo la 280 unalipima kwa nini? Kama ni themokapo ya aina K, yaani kipimo cha joto cha waya mbili zilizounganishwa ncha, iliyochomekwa katikati ya koili, inawezekana unadanganywa. Waya zake ni aloi za nikeli, na moja kati ya hizo mbili hunata kwenye sumaku ikiwa baridi. Ukiiweka ndani ya sumaku ya kilohezi nyingi, ncha yake inapashwa na koili kama inavyopashwa karatasi ya chuma, na kelele za umeme huingia kwenye waya za kusomea. Nilipokuwa kwenye karakana ya kupashia ekseli, tuliwahi kuwa na kipimo kilichosoma nyuzi 60 zaidi ya ukweli, na hatukujua mpaka chaki ya joto, ile inayoyeyuka chuma kikifika nyuzi zilizoandikwa juu yake, ilipokataa kuyeyuka. Themokapo ikidanganya kwa juu, kidhibiti hupunguza umeme mapema, mita husoma kidogo, bosi hufurahi, na jirani aliye upande wa upepo hupata harufu. Mambo yote matatu unayo.

#11 FundiKoili

Mzee, hilo la themokapo ni kweli na silikatai. Kwetu ilikuwa lazima kutumia kipimo kinachosoma mng'ao kwa mbali. Hata hivyo nina sababu nyingine ya harufu, tofauti na yako. Mikondo ya induksheni hupenda ngozi ya nje: frikwensi ikipanda, kina ambacho joto linazaliwa hupungua. Kwenye bunda la karatasi za chuma zilizoshikana, ukingo wa nje unaweza kuwa na nyuzi 330 na kiini kikawa na 200, na themokapo iliyochomekwa karibu na ukingo ikasema kweli tupu kuhusu mahali ilipo. Hewa inayopita kwenye kiini ndiyo inayotoka na asetaldehaidi. Baada ya dakika kadhaa joto husambaa, harufu inapungua. Watengenezaji makini hutawanya vipande vya chuma chenye usumaku au huingiza waya kwenye vitundu ili joto lizaliwe kila mahali.

#12 Mchokozi

Kwa hiyo FundiKoili aliyeanza kwa kutuambia koili inapasha mahali panapohitajika tu, sasa anatuambia inapasha mahali panapopenda yenyewe. Ninaandika kumbukumbu tu, msinijali.

#13 ZamuYaUsiku

Nyote mnahesabu kana kwamba mashine inachapa saa zote. Nimeendesha mashine za namna hiyo. Kazi ikiisha, mnatoa silinda, mnasafisha visu, mnaingiza rangi mpya, mnalinganisha picha. Ukiwa na timu nzuri ni dakika 40. Muda wote huo hakuna mvuke, lakini chombo cha hita huwezi kukizima, kwa sababu kikipoa kitachukua saa mbili kurudi. Cha koili unakizima unapoanza kutoa silinda na unakiwasha unapofunga visu. Mkuu MpigaChapa, mnabadilisha kazi mara ngapi kwa siku?

#14 MpigaChapa

Kwa zamu mbili, mara sita hivi. Msimu wa Ramadhani huzidi. Na ndiyo, kipya hujizima chenyewe mashine ikisimama, kimeunganishwa hivyo.

#15 Kikokotoo

Mara sita kwa dakika 40 ni saa 4 kati ya saa 16, yaani robo ya siku. Kilowati 82 kwa saa 12 badala ya 16 ni sawa na wastani wa kilowati 61 au 62. Gawanya kwa 133 unapata asilimia 46. Pungufu kidogo ya nusu!

Nilikuwa nimeandaa pia hesabu ya asubuhi. Tani mbili za chuma na kauri kuzipasha kwa nyuzi 350 ni takriban uniti 117, wakati siku nzima inakula zaidi ya uniti 2,100, kwa hiyo kile kisifa cha kuwaka haraka asubuhi, ambacho wauzaji hukiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu, ni kama asilimia tano na nusu tu. Robo ya siku inayookolewa iko kwenye kusimama katikati ya kazi.

#16 Dohani

Hesabu inayolingana vizuri namna hiyo hunitia wasiwasi. Umechukulia kwamba cha zamani kilikula kilowati 133 hata wakati mashine zimesimama, ilhali wengi hufunga mlango wa hewa na kuacha chombo kikijizungushia hewa kidogo. Umechukulia kwamba koili haipotezi chochote. Na umechukulia kwamba 280 ni 280, jambo ambalo MzeeWaBoila amelitilia shaka kwa sababu nzuri. Makosa matatu yakivutana kila moja upande wake yanaweza kukupa jibu zuri.

#17 MpigaChapa

Mlango wa hewa upo, lakini uligandia wazi kabla sijaajiriwa. Hapo Kikokotoo yuko salama. Kuhusu koili, nimegundua leo kwamba mita ya majaribio imefungwa baada ya kabati la kigeuzi, kwa hiyo kinachopotea humo haikihesabu, na pampu ya maji ya kupoozea inakula umeme wa taa za jengo.

#18 Mchokozi

Muuzaji huyu apewe maua yake.

#19 MsomiWaMwambao

Kwa faida ya vijana wanaosoma uzi huu, teknolojia hii si ngeni kama inavyotangazwa. Uunguaji bila mwali juu ya platinamu uligunduliwa na mkemia Berzelius mwaka 1835, na induksheni ikaja baadaye.

#20 MamaMaabara

Ndugu MsomiWaMwambao, Berzelius alitoa jina la jambo hilo mwaka 1835. Aliyeliona ni Humphry Davy mwaka 1817, wakati akichunguza taa za wachimbaji wa makaa ya mawe: waya wa platinamu uliopashwa moto uliendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa ingawa hapakuwa na mwali wowote. Na induksheni haikuja baada ya huo mwaka 1835, kwani Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Kinachofurahisha ni kwamba Faraday aliingia Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1813 kama msaidizi wa huyo huyo Davy. Nusu mbili za chombo cha MpigaChapa zilitoka kwenye nyumba moja, kwa mtu na msaidizi wake.

#21 MsomiWaMwambao

Nimesahihishwa, ahsante.

#22 MvukeWaNaivasha

Mimi ninatoka Kenya, na ningependa kuongeza upande mmoja ambao hamjaugusa. Mnapima uniti peke yake, ilhali anayesimamia mazingira atauliza pia kilichochomwa ili uniti hizo zipatikane. Huku kwetu sehemu kubwa ya stima hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, pamoja na maji na upepo, kwa hiyo kupasha kichocheo kwa stima, iwe kwa waya au kwa koili, kunaacha kaboni kidogo kuliko bana, yaani kichomea, cha dizeli au gesi. Kwa kiwanda cha huku, mpinzani wa induksheni ni bana, wala si hita ya waya.

#23 Dohani

Kwa Dar es Salaam jibu linageuka. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika mjini tangu mwaka 2004 na viwanda kadhaa vimeunganishwa nayo. Umeme unaotokana na kuchoma gesi umekwisha kupoteza karibu nusu ya joto au zaidi kabla haujafika kwenye koili, na bana ingelitumia joto hilo moja kwa moja. Ingawa nakiri kwamba tangu Bwawa la Nyerere la umeme wa maji lianze kazi, lenye uwezo wa megawati 2,115, hoja yangu imepungua makali.

#24 AfisaUsalama

Ningeomba tahadhari kabla mtu hajaiga hesabu ya chapisho la 6 na kupunguza feni kiholela. Hewa nyingi katika mfumo huo haikuwekwa kwa ubadhirifu. Ethili asetati huanza kuwaka ikifika karibu asilimia 2 ya hewa, sawa na gramu 80 hivi kwa mita ya ujazo, na desturi ni kutozidi robo ya kiwango hicho pasipo kipimo cha kudumu. Gramu 2 ziko mbali sana na gramu 20, ni kweli, lakini huo ni wastani. Fundi akimwaga ndoo ya kiyeyushi kusafisha silinda karibu na kikaushio, kwa dakika mbili wastani hauna maana. Na kichocheo chenye nyuzi 280 kikikutana na mvuke mzito hupanda joto chenyewe, hata koili ikiwa imezimwa.

#25 MpigaChapa

Ninashukuru. Leo nimefanya jaribio ambalo MzeeWaBoila amenieleza pembeni. Mashine ikiwa inachapa, nilikata umeme wa koili ghafla huku nikitazama kisomeo. Kama themokapo ilikuwa inapashwa na sumaku, usomaji ulitakiwa uanguke papo hapo. Kama inasema kweli, ushuke taratibu. Ulishuka nyuzi 26 katika sekunde tatu.

#26 MzeeWaBoila

Hukumu imetoka.

#27 Kikokotoo

Haijatoka, Mzee. Karatasi hizo za chuma ni nyembamba mno. Tukisema bunda zima lina kilo 20, kila nyuzi moja ni kilojuli kama 10, na hewa inayopita inaweza kubeba karibu kilowati moja kwa kila nyuzi ya tofauti. Bunda hilo linapoa kwa sekunde chache tu, likiwa na themokapo mkweli au mwongo. Nyuzi 26 kwa sekunde tatu zinakubaliana nasi sote wawili.

#28 FundiKoili

Na mimi pia zinakubaliana nami, kwa kuwa ukingo ulio moto zaidi ndio unaoanza kupoa kwa kasi.

#29 MamaMaabara

Basi pimeni mahali ambapo sumaku haifiki. Hewa inayotoka, mita moja baada ya koili na kabla ya kibadilisha joto, haina sababu ya kusema uongo. Kama kichocheo kina 280 kweli na mvuke unaungua wote, hapo usomaji haupaswi kuwa chini ya 280. Mkikuta 230, mzee ameshinda, au kiini ni baridi kama anavyosema FundiKoili, na hapo itabidi mchomeke vipimo viwili.

#30 MpigaChapa

Tundu la kipimo lipo hapo hapo, limezibwa kwa bolti. Nimejaribu jioni hii na spana namba 24 na kipande cha bomba juu yake, haikutikisika. Imeshika kutu na joto limeifunga. Nimewaachia zamu ya asubuhi.

#31 FundiKoili

Bolti ya namna hiyo gereji za siku hizi huilegeza kwa koili ndogo ya induksheni ya mkononi. Nusu dakika inakuwa nyekundu, inatoka. Sisemi kitu kingine.

#32 Mchokozi

Na uniti zake ziandikwe kwenye mita ya nani?